Maswali ya Wasomaji: Mifumo Miwili Inapolazimika Kuzungumza

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja: data iliyo katika mfumo mmoja inahitajika katika mfumo mwingine, na njia ya kuifikisha inaleta maudhi. Tumezipanga kuanzia njia kongwe hadi mpya. Kila njia ilizaliwa kutibu maradhi ya iliyoitangulia, na karibu kila moja ilikuja na maradhi yake.

SWALI: Mfumo wetu wa mauzo hutoa faili la CSV (maandishi yenye safu zilizotengwa kwa alama ya mkato) kila siku saa nane usiku, na mfumo wa uhasibu hulisoma saa tisa. Mtengeneza programu mpya anasema utaratibu huu umepitwa na wakati, lazima tuhamie kwenye API, yaani mfumo mmoja uuombe mwingine data moja kwa moja. Yuko sahihi?

JIBU: Msihame kwa hoja hiyo peke yake. Kupelekeana mafaili ni njia ya zamani kweli, kwani itifaki ya FTP iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1971, lakini umri si kasoro. Jiulizeni: mhasibu akiyaona mauzo ya jana leo asubuhi, kuna anayeumia? Kama hakuna, faili lina faida ambazo API haitoi kwa urahisi. Mnaweza kulifungua na kulikagua kwa macho, mnaweza kulisoma upya likiharibika jambo, na mfumo mmoja ukizimwa usiku mwingine hautikisiki.

Kinachoumiza ni faili lisilo na ulinzi. Kosa linalojirudia kuliko yote ni msomaji kulichukua faili kabla mwandishi hajamaliza kuliandika. Pengo lenu la saa moja si kinga, maana siku mauzo yakiwa mengi uandishi utavuka saa tisa na mtapoteza mistari ya mwisho bila kosa lolote kuonekana. Andikeni kwanza kwa jina la muda lenye mwisho wa .tmp, kisha uandishi ukikamilika mlibadilishe jina liwe .csv. Kubadilisha jina ndani ya diski ileile ni tendo la mara moja, hivyo msomaji ama huliona faili zima ama halioni kabisa.

Mstari wa mwisho wa faili ubebe idadi ya mistari na jumla ya fedha. Msomaji ahesabu mwenyewe, na hesabu zikitofautiana alikatae faili lote, asiingize nusu. Kila faili lipewe namba ya mfuatano: ikiruka kutoka 412 hadi 414, kazi isimame hadi 413 ipatikane, na 412 ikija mara ya pili ipuuzwe. Kubalianeni pia kwamba herufi zimo katika UTF-8, na kwamba nukta ndiyo inayotenga desimali. Na asiwepo mtu wa kulifungua faili kwa programu ya lahajedwali akalihifadhi tena kabla halijasomwa: msimbo 00734 utageuka 734, na asubuhi hakuna atakayejua sifuri zimekwenda wapi.

Mambo mawili madogo. FTP ya kawaida hupitisha nenosiri wazi mtandaoni, kwa hiyo tumieni SFTP. Na kama seva yenu inafuata saa za mahali panapobadilisha majira, saa nane usiku ni wakati hatari, kwa sababu kuna usiku ambao saa hiyo haipo na usiku mwingine hutokea mara mbili. Ratiba za usiku ziwekwe kwa saa za UTC, zisizobadilika na majira.

Dalili ya kwamba wakati wa kuhama umefika ni moja: mmeanza kulituma faili kila baada ya dakika tano. Hapo mnahitaji njia nyingine.

SWALI: Hifadhidata ya idara jirani tunaifikia, nenosiri tunalo. Kwa nini tusisome majedwali yao moja kwa moja badala ya kusubiri watujengee API?

JIBU: Kwa sababu siku watakapoligawa jedwali la wateja kuwa mawili, mfumo wenu utakufa na wao hawatajua kwamba wameua kitu. Muundo wa majedwali ni mambo ya ndani ya nyumba. Mkishausoma kutoka nje umekuwa mkataba ambao mwenyewe hakuusaini. Kuna pia suala la maana. Safu iitwayo hali yenye thamani 3 huenda inamaanisha "imefutwa, isipokuwa kama tarehe ya malipo ipo", na kanuni hiyo imeandikwa ndani ya programu yao tu. Tena mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ripoti yenu ya dakika kumi juu ya hifadhidata yao inaweza kushika kufuli (kuwazuia wengine kugusa data) au kula diski hadi wateja wao washindwe kuhudumiwa.

Kama hakuna njia nyingine kwa sasa, ombeni mambo matatu: nakala ya kusoma iliyotengwa na hifadhidata kuu, mwonekano maalumu uliotengenezwa kwa ajili yenu wenye safu mnazohitaji tu, na akaunti isiyoweza kuandika. Kuandika katika majedwali ya mwenzako usikufikirie kabisa.

SWALI: Nasoma chuoni. Tunafundishwa REST, mtindo wa kujenga API, kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Kabla yake watu walifanyaje, na kwa nini waliacha?

JIBU: Swali zuri, na jibu lake linasaidia hata kazini.

Mwaka 1984 Andrew Birrell na Bruce Nelson walieleza kwa kina namna ya programu kuita kazi iliyo kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko ndani yake yenyewe. Wazo hilo linaitwa RPC, na liliwavutia wengi kwa sababu mwandishi wa programu hakuhitaji kufikiria mtandao. Mwaka 1991 ikaja CORBA, iliyotaka vitu vya programu vilivyoandikwa kwa lugha tofauti viitane kwa njia hiyo. Tatizo lilikuwa katika huo ufanano wenyewe. Kuita kazi ndani ya kompyuta moja huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde na hujibiwa daima; kuita ng'ambo ya mtandao huchukua muda maelfu ya mara zaidi, na kunaweza kusijibiwe kamwe. Mtu aliyeandika mzunguko wa kuita kazi mara 500 ili kujaza skrini moja hakuona kosa lolote kwenye msimbo wake, ila watumiaji waliliona. Juu ya hayo, ujumbe wa CORBA ulipata shida kupenya kuta za usalama za mitandao ya makampuni.

XML, namna ya kuandika data kama maandishi yenye lebo, ilipopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1998, watu waliona nafasi: tuandike ombi kama maandishi, tulipitishe kwenye HTTP, njia ya kawaida ya wavuti, ambayo tayari imeruhusiwa kila mahali. SOAP 1.1, iliyofuata wazo hilo, ilichapishwa mwaka 2000. Ilikuja na WSDL, hati inayoeleza kila kazi, kila sehemu ya ujumbe na aina yake, na kutokana na hati hiyo programu huweza kujiandikia sehemu kubwa ya msimbo wa kuwasiliana. Hilo lilikuwa jambo jema na bado tunalithamini. Kilichoichosha SOAP ni rundo la viwango vilivyojengwa juu yake na ujumbe wenye maganda mengi kuliko kiini.

Mwaka huohuo wa 2000 Roy Fielding alieleza REST katika tasnifu yake ya uzamivu. Yeye hakubuni itifaki mpya; alieleza kwa nini wavuti yenyewe imeweza kukua kiasi kile. Kila kitu kina anwani yake, vitendo ni vichache vyenye maana ileile kila mahali, na seva haihitaji kukumbuka mazungumzo yaliyopita ili ijibu ombi la sasa. JSON, namna nyepesi zaidi ya kuandika data, iliyoandikwa rasmi mwaka 2006 katika hati ya RFC 4627, ikaondoa maganda ya XML. Ndiyo maana leo mtu anajaribu API kwa amri moja ya kompyuta.

Lakini tazama kilichopotea njiani: mkataba. API nyingi za JSON zilianza bila hati yoyote inayosomeka na mashine, na ilibidi OpenAPI, kiwango cha kuandika hati hizo, ije kuurudisha. Halafu mwaka 2015 Google ikatoa gRPC, ambayo ni RPC tena, safari hii ikiwa na mkataba mkali na uwezo wa kila ombi kubeba ukomo wa muda wake. Ukifika kazini ukaikuta SOAP, isome kwa heshima, kwani huenda ndiyo yenye mkataba ulio wazi kuliko zote jengoni humo.

SWALI: Tuna mifumo 12. Mshauri anapendekeza tununue mfumo mmoja wa kati utakaounganisha yote. Tununue?

JIBU: Hesabu inamuunga mkono: mifumo 12 ikiunganishwa kila mmoja na mwenzake inaweza kufikia viungo 66, na ikipitia kati ni viungo 12. Hatari iko kwenye kitakachowekwa humo kati. Makampuni mengi yaliyonunua mifumo ya kati ya aina ya ESB miaka ya 2000 yaliishia kuingiza kanuni za biashara katikati: punguzo, masharti ya mikopo, nani apewe nini. Ikawa kila badiliko la idara yoyote linasubiri timu moja inayoujua mfumo huo. Kati pafanye kazi ya tarishi tu: kupokea, kubadilisha umbo la ujumbe, kufikisha, kuweka kumbukumbu. Kanuni zibaki kwa mwenye kanuni. Na hesabuni viungo mlivyo navyo kweli. Kama ni 14, si 66, huenda hamuhitaji kununua chochote.

SWALI: Mfumo wetu hutuma maombi ya malipo kwa mtoa huduma. Mtandao ukikatika katikati, tunarudia ombi, na mara nyingine mteja anakatwa mara mbili. Tukiacha kurudia, mara nyingine hakatwi kabisa. Tufanyeje?

JIBU: Hili ndilo swali zito kuliko yote katika kazi hii, na hakuna njia mpya wala ya zamani inayolikwepa. Jibu lisipofika, hamwezi kujua kama ombi lilipotea likienda au jibu lilipotea likirudi. Kwa hiyo lazima murudie, na lazima kurudia kusiwe na madhara.

Anzeni kwa ufunguo wa ombi. Kabla ya kutuma mara ya kwanza, tengenezeni UUID (utambulisho mrefu usiojirudia) na muihifadhi pamoja na oda katika hifadhidata yenu. Kila jaribio la malipo yaleyale libebe ufunguo uleule. Kosa ambalo huuharibu mpango wote ni kutengeneza ufunguo ndani ya mzunguko wa kurudia: kila jaribio linazaliwa na ufunguo mpya, na kwa mpokeaji hayo ni malipo mapya kabisa.

Upande wa mpokeaji, ufunguo uingizwe kwenye jedwali lenye kizuizi cha upekee, hali yake ikiwa "inaendelea", kabla kazi yoyote haijaanza. Msiulize kwanza "upo?" kisha muingize, maana maombi mawili yanaweza kuuliza kwa wakati mmoja na yote yakajibiwa "haupo". Acheni hifadhidata yenyewe ilikatae la pili. Uingizaji ukikataliwa, angalieni rekodi iliyopo: kama kazi imekamilika, rudisheni jibu lilelile lililohifadhiwa; kama inaendelea, jibuni 409, msimbo wa HTTP wa mgongano; kama ufunguo ni uleule lakini kiasi cha fedha ni tofauti, jibuni 422 na mtoe taarifa, kwa sababu hapo kuna hitilafu ya programu. Jibu la mwisho lihifadhiwe katika muamala uleule wa hifadhidata (yote yaandikwe au yasiandikwe kabisa) unaoandika malipo. Ufunguo utunzwe kwa muda mrefu kuliko muda ambao muombaji anaweza kuendelea kurudia. Akirudia hadi saa 24, kuutunza saa 24 hakutoshi. Utunzeni siku tatu.

Si kila kosa ni la kurudiwa. Muunganiko uliokatika, 429 (maombi yamezidi), 502, 503 na 504 (seva imekwama kwa muda), rudieni. 400, 401, 403 na 422 (ombi lina kasoro au halina ruhusa) hazitapona kwa kurudia, zinahitaji mtu. Kati ya jaribio na jaribio subirini sekunde 1, kisha 2, 4, 8, na kila mara mchanganye na muda wa kubahatisha. Bila kubahatisha huko, waombaji 1,000 walioanguka pamoja watarudi pamoja na kuiangusha seva iliyokuwa ndiyo kwanza inainuka. Jibu likija na kichwa cha Retry-After, kinachotaja muda wa kusubiri, kitiini.

Pangeni na muda wa kusubiri, ukipungua kadiri mnavyokwenda ndani. Skrini ya mteja ikisubiri sekunde 30, seva yenu isubiri 20, na ombi la kwenda kwa mtoa huduma lisubiri 15. Ukipinduliwa mpango huo, mteja anaonyeshwa "imeshindikana" wakati malipo bado yanaendelea nyuma, naye anabonyeza tena. Na bonyezo hilo la pili lisitengeneze oda nyingine.

Mwisho, ombi lililokosa jibu msiliite "limeshindwa". Lipewe hali ya tatu, "haijulikani", kisha programu imuulize mtoa huduma hali ya malipo kwa namba yenu ya kumbukumbu hadi ipate jibu la uhakika. Kila siku linganisheni orodha yenu na yake mstari kwa mstari. Mtakachokikuta huko hata mara moja kwa mwezi kinalipa kazi yote ya kulinganisha.

SWALI: Tumesajili anwani ili mtoa huduma atusukumie taarifa badala ya sisi kumuuliza kila dakika. Taarifa nyingine hazifiki, nyingine zinafika mbili, na juzi "imefutwa" ilifika kabla ya "imeundwa". Mfumo wao ni mbovu?

JIBU: Hapana, ndivyo njia hiyo ilivyo. Mtumaji asipopata jibu lenu kwa wakati hutuma tena, na taarifa zinazotumwa kwa njia sambamba hupitana. Ichukulieni kila taarifa kama hodi: inawaambia kuna jambo, nanyi mnakwenda kuuliza API yao hali ya sasa ya kitu hicho. Mkifanya hivyo, mpangilio wa kufika haujalishi tena.

Mpokeaji afanye kazi ndogo sana. Ahakiki saini (alama ya kuthibitisha mtumaji), aihifadhi taarifa kwa namba yake yenye kizuizi cha upekee, ajibu 200 (imepokelewa), basi. Kazi halisi ifanywe baadaye na programu nyingine. Wengi hufanya kazi yote kabla ya kujibu, kazi inachukua sekunde 12, mtumaji anachoka kusubiri na kutuma tena; hapo ndipo nyingi za zile mbilimbili zinapotoka.

Saini, kwa kawaida ya HMAC (inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri), ihakikiwe juu ya baiti zilezile zilizofika. Ukishafungua JSON na kuiandika upya, nafasi na mpangilio wa sehemu hubadilika na saini haitalingana kamwe. Kama saini inajumuisha saa ya kutumwa, kataeni yenye umri wa zaidi ya dakika tano ili mtu asiweze kuirusha upya taarifa ya zamani aliyoinasa. Zile ambazo hazikufika kabisa zitapatikana kwa ukaguzi wa kila saa au kila usiku: ombeni orodha ya vilivyobadilika tangu mara ya mwisho.

SWALI: Kafka au foleni ya kawaida ya kupitisha ujumbe? Kila mtu hapa ana jibu lake.

JIBU: Foleni ni ya kugawa kazi: ujumbe ukishashughulikiwa unaondoka. Njia hiyo ina miaka mingi. IBM ilitoa MQSeries mwaka 1993. Kafka, iliyoanzia LinkedIn na kufunguliwa kwa wote mwaka 2011, ni daftari: ujumbe unabaki baada ya kusomwa, kwa kawaida siku 7 usipobadilisha mpangilio, na kila msomaji anashika alama ya alipofikia. Kama wasomaji wako ni wengi au utahitaji kurudi nyuma na kusoma upya, chukua daftari. Kama ni kutuma barua pepe na kutengeneza picha ndogo, foleni inatosha na ni rahisi zaidi kuitunza.

Ukichagua Kafka, jua kwamba mpangilio unalindwa ndani ya kigawanyo (sehemu ya daftari) kimoja tu. Ujumbe wote wa akaunti moja upewe ufunguo wa akaunti hiyo ili uangukie kigawanyo kimoja. Baadaye ukiongeza idadi ya vigawanyo, akaunti ileile inaweza kuangukia pengine na mpangilio ukavunjika, hivyo anza na idadi ya kutosha. Wasomaji wa kundi moja (wanaogawana kazi) wakizidi vigawanyo, wanaozidi watakaa bure.

Kosa lililojificha liko kwingine: kuhifadhi oda kwenye hifadhidata kisha kutuma ujumbe kama hatua mbili. Programu ikifa katikati, oda ipo lakini hakuna aliyeambiwa. Ujumbe uandikwe kwenye jedwali la vya kutumwa, ndani ya muamala uleule wa oda, halafu programu nyingine ilisome jedwali hilo na kutuma. Itatuma mara mbili siku moja moja, kwa hiyo wapokeaji wawe tayari kama tulivyoeleza kwenye malipo. Ujumbe unaoshindikana mara tano uhamishiwe foleni ya ujumbe uliokwama, na awepo mtu mwenye jina anayeiangalia kila siku.

SWALI: Namba za oda zetu zinabadilika tarakimu ya mwisho zikifika kwenye kivinjari. Nini kinatokea?

JIBU: JavaScript, lugha ya programu za kivinjari, hushika namba nzima kwa usahihi hadi kabla kidogo ya 9,007,199,254,740,992. Ikizidi hapo, 9,007,199,254,740,993 itasomwa ikiishia na 2. Tumeni namba za utambulisho kama maandishi. Fedha zitumwe kama namba nzima ya kipimo kidogo kabisa, pamoja na msimbo wa sarafu wa herufi tatu. Saa iandikwe hivi: 2024-03-05T14:30:00Z.

SWALI: Tunataka kubadilisha jina la sehemu moja kwenye API inayotumiwa na timu sita. Namna gani salama?

JIBU: Ongezeni jina jipya, la zamani libaki, yote mawili yabebe thamani ileile. Watumiaji wahame mmoja mmoja. Msibadilishe kamwe maana ya jina lililopo, kwa sababu jina likitoweka programu hulalamika, lakini maana ikibadilika programu huendelea kimyakimya na data mbovu. Wapokeaji nao waandikwe ili wapuuze sehemu wasizozijua.

Kuondoa la zamani kunahitaji ushahidi. Seva haiwezi kuona ni sehemu gani ya jibu imesomwa, kwa hiyo anayehama atangaze toleo jipya kwenye kichwa cha ombi, nanyi muweke kumbukumbu ya funguo za API ambazo bado zinaomba la zamani. Subirini kumbukumbu hiyo isome sifuri kwa zaidi ya mwezi mzima, mwisho wa mwezi ukiwemo, maana programu za kufunga hesabu huamka siku hiyo tu. Kisha lizimeni kwa saa moja mchana wa siku ya kazi, watu wakiwa ofisini, mlirudishe, msikilize kama kuna atakayepiga simu. Asipojitokeza mtu, liondoeni wiki inayofuata.